Asoka na Mafundisho ya Buddha
Dola za Kale za Bara Hindi na Habari Zake Zilizofika Afrika

Maji ya Ziwa Victoria yapigayo ufuko wa Sori, katika Ghuba ya Karungu, hutoka ziwani huko Jinja, huingia katika mto Nile, na mwisho wa safari yake ni nchi ya Misri na Bahari ya Mediterania. Katika nchi hiyo ya Misri, yapata miaka 2,280 iliyopita, alitawala mfalme wa asili ya Kigiriki aitwaye Ptolemy wa Pili. Jina la mfalme huyo limechongwa katika miamba kadhaa ya Bara Hindi, mbali sana na mto Nile, pamoja na jina la mfalme mwingine wa Afrika, Magas wa Kirene, mji ambao sasa ni magofu katika nchi ya Libya. Aliyeamuru majina hayo yachongwe alikuwa Asoka, mfalme mkuu wa dola ya Maurya. Alitangaza kwamba mafundisho yake ya wema yamefika hata kwa wafalme hao wa mbali, na kwamba ushindi wa namna hiyo ndio ushindi bora.

Watu wengi wa kando ya Ziwa huwafahamu Wahindi kwa biashara. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwezi wa Desemba 1901 ilijengwa kwa nguvu za wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, na nyuma yao wakaja wenye maduka. Fedha iliyotumika Kenya mpaka mwaka 1920 ilikuwa rupia, nalo ni jina lenye asili katika Kisanskriti, lugha ya kale ya Kihindi. Neno gari limetoka huko, na neno laki pia. Kwa sababu hiyo mtu aweza kudhani kwamba Mhindi aliyemwona dukani Kisumu au Migori ni mfuasi wa Buddha. Sivyo. Karibu wote waliokuja Afrika Mashariki kutoka Bara Hindi walikuwa Wahindu, Waislamu, Masingasinga, Wajaini au Wakristo wa Goa. Buddha alifundisha katika Bara Hindi, na wafalme wa huko ndio walioieneza dini yake. Lakini leo wafuasi wake wengi wako Sri Lanka, Burma, Thailand, Uchina, Japani na nchi nyingine za Mashariki, na katika nchi yake mwenyewe ni wachache. Jambo hilo lahitaji maelezo, na maelezo yake yamo katika habari za dola za kale.

MIJI YA KWANZA

Miji ya kwanza ya Bara Hindi ilijengwa katika bonde la mto Indus, katika nchi ambayo sasa ni Pakistan. Miji miwili mikubwa iliyofukuliwa huko tangu miaka ya 1920 ni Harappa na Mohenjo-daro. Ilistawi kati ya mwaka 2600 na 1900 kabla ya Kristo (K.K.). Nyumba zake zilikuwa za matofali ya kuchoma, njia zake zimenyooka, na chini ya njia hizo ilipita mifereji ya maji machafu iliyofunikwa vizuri. Maandishi yao yamehifadhiwa katika mihuri midogo, ila hakuna mtu aliyeweza kuyasoma hata leo.

Miji hiyo ilipokufa, watu wasemao lugha iliyozaa Kisanskriti walienea katika nchi za kaskazini. Hao walikuwa na nyimbo takatifu ziitwazo Veda, na jamii yao iligawanyika katika matabaka manne: makuhani, yaani Wabrahmani, wapiganaji na watawala, wafanya biashara na wakulima, na mwisho watumishi. Chini ya matabaka hayo yote walikuwako watu waliohesabiwa kuwa najisi, ambao hata kuguswa na kivuli chao kulichukiwa. Mtu alizaliwa katika tabaka lake, akaoa humo, akafa humo. Msomaji asilisahau jambo hili la matabaka, maana litarudi.

MTU ALIYEITWA BUDDHA

Siddhartha Gautama alizaliwa Lumbini, mahali palipo sasa katika nchi ya Nepal, chini ya milima ya Himalaya. Wataalamu hawapatani juu ya mwaka wa kuzaliwa kwake. Hesabu ya zamani ni mwaka 563 K.K.; wengi siku hizi huuweka miaka 80 hivi baadaye. Baba yake, Suddhodana, alikuwa mkuu wa kabila la Sakya. Mama yake alikufa siku chache baada ya kumzaa, naye akalelewa na mama yake mdogo.

Masimulizi ya Wabuddha yasema kwamba baba yake alimfungia katika starehe asipate kuona uchungu wa dunia. Siku moja alipotoka nje aliona mzee aliyepinda mgongo, siku nyingine mgonjwa, kisha maiti ikichukuliwa mazishini, na mwisho akamwona mtawa maskini mwenye uso wa utulivu. Moyo wake ukafadhaika. Alipokuwa na umri wa miaka 29 aliondoka usiku akimwacha mke wake, Yasodhara, na mtoto wao mchanga, Rahula, akaenda kutafuta dawa ya mateso ya wanadamu. (Wabuddha wenyewe hawafichi kwamba mke huyo aliachwa akilia, masimulizi yao yanaeleza hayo waziwazi.)

Kwa miaka sita aliishi msituni pamoja na watawa, akijinyima chakula hata mbavu zikahesabika. Hakupata alichokitafuta. Basi akaacha kujitesa, akala wali aliopewa na mwanamke wa kijijini, akaketi chini ya mti mmoja mahali paitwapo sasa Bodh Gaya. Mti huo ni wa jamii moja na mikuyu ya kwetu. Hapo, alipokuwa na umri wa miaka 35, ndipo alipopata ufahamu aliokuwa akiutafuta, na tangu siku hiyo aliitwa Buddha, maana yake Aliyeamka. Akafundisha kwa miaka 45, akitembea kwa miguu kijiji kwa kijiji katika bonde la mto Ganges. Alikufa Kusinagara mwenye umri wa miaka 80.

ALIYOYAFUNDISHA

Fundisho lake la kwanza lilitolewa Sarnath, karibu na mji wa Varanasi, mbele ya watu watano tu. Alifundisha kweli nne. Ya kwanza, maisha yamejaa dukkha. Neno hilo hufasiriwa kuwa mateso, lakini maana yake ni pana zaidi: ni hali ya kutotosheka na kutokuwa na uthabiti. Mvuvi aliyepoteza nyavu zake amo katika dukkha; na aliyejaza mtumbwi ngege leo naye amo, kwa sababu moyo wake tayari una hofu ya kesho. Kweli ya pili ni kwamba dukkha ina chanzo, nacho ni tamaa, kiu ya kutaka na kushikilia vitu ambavyo kwa asili yake havidumu. Ya tatu, kiu hiyo yaweza kuzimwa, na kuzimika kwake ndiko kuitwako nirvana. Ya nne ni njia ya kufika huko.

Njia hiyo ina sehemu nane: kuelewa kulikonyoka, nia iliyonyoka, maneno yaliyonyoka, matendo yaliyonyoka, riziki ya halali, bidii iliyonyoka, uangalifu, na utulivu wa mawazo. Buddha aliiita Njia ya Kati, kwa kuwa imepita kati ya anasa aliyolelewa nayo na kujitesa alikokujaribu msituni.

Msomaji aliye Mkristo au Mwislamu ataona mara moja kwamba katika mambo hayo Mungu Muumba hakutajwa. Ndivyo ilivyo, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Wabuddha wa kale walisadiki kuwako kwa miungu, lakini waliihesabu miungu hiyo kuwa nayo imefungwa katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa kama wanadamu. Mtu alipomsumbua Buddha kwa maswali juu ya mwanzo na mwisho wa ulimwengu, alimjibu kwa mfano wa mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, naye akakataa kutolewa mshale mpaka aambiwe jina la aliyeupiga, kabila lake, na upinde wake ulichongwa kwa mti gani. Mtu huyo atakufa kabla ya kupata majibu.

Fundisho jingine gumu ni lile la kuzaliwa tena. Kila tendo alifanyalo mtu kwa nia huzaa matunda, na hiyo huitwa karma. Mtu akifa akiwa bado ana kiu ya dunia, karma yake husababisha maisha mengine. Hata hivyo Buddha alikana kuwa kuna roho isiyobadilika ihamayo kutoka mwili huu kuingia mwili ule. Wafuasi wake waliligeuza jambo hilo kuwa mfano wa taa: kibatari kikiwashwa kwa moto wa kibatari kingine, je, moto ule ni uleule au ni mwingine? Si uleule, wala si mwingine kabisa. Wanafunzi wa Kibuddha wamelijadili jambo hili zaidi ya miaka elfu mbili, wala halijawa jepesi.

Lakini watu wa kawaida hawakumfuata kwa sababu ya hoja kama hizo. Walimfuata kwa sababu ya habari kama ile ya Kisa Gotami, mwanamke maskini aliyefiwa na mtoto wake wa pekee. Alimbeba maiti mgongoni akienda nyumba hata nyumba kuomba dawa, na watu wakasema ameshikwa na wazimu. Alipofika kwa Buddha, Buddha hakumhubiria. Alimwambia amletee punje chache za haradali kutoka nyumba ambayo haijapata kufiwa. Mwanamke akaenda mbio kwa furaha, kwa kuwa haradali ilikuwa katika kila jiko. Kila mlango walimpa haradali. Na kila mlango alipouliza swali la pili walimjibu kwamba baba amekufa, au mtumishi, au mtoto. Jua likatua. Akampeleka mtoto wake mazishini, kisha akarudi kuomba kuwa mtawa.

Upali, aliyekuwa kinyozi wa wakuu wa Sakya, habari yake ni fupi zaidi. Yeye na wakuu hao walikwenda siku moja kuomba kuwa watawa. Wakuu wenyewe wakaomba Upali atangulie kupokewa, ili wao, watu wa tabaka la juu, wawe chini yake kwa heshima na kiburi chao kivunjike. Katika nchi ya matabaka jambo hilo halikuwa dogo.

Mtu asiye mtawa alipewa amri tano: asiue kiumbe chenye uhai, asichukue asichopewa, asizini, asiseme uongo, asinywe kileo. Amri ya kwanza inawagusa moja kwa moja watu wa mahali kama Sori, ambako watoto husomeshwa na kulishwa kwa omena, ngege na mbuta. Je, mvuvi aweza kuwa Mbuddha? Walimu wa dini hiyo hawakulipunguza neno. Kuua samaki ni kuua, na mafundisho ya kale yanayataja mauzo ya viumbe hai na ya nyama kati ya biashara ambazo mfuasi anapaswa kuziepuka, pamoja na biashara ya silaha, ya vileo na ya sumu. Hata hivyo Burma, nchi ya Wabuddha, ina wavuvi wengi sana, na chakula chake cha kila siku kina samaki. Wavuvi hao wanajua kwamba kazi yao ina doa. Hutafuta kulipunguza kwa kuwalisha watawa, kujenga mahekalu na kuachilia samaki hai mtoni siku za sikukuu. Mtu aweza kuwacheka. Aweza pia kuona kwamba wamechagua kuishi na amri iliyo juu ya uwezo wao badala ya kuibadilisha ifanane na kazi yao.

ASOKA NA VITA VYA KALINGA

Mwaka 326 K.K. Alexander wa Makedonia alifika Punjab na jeshi lake, kisha askari wake wakakataa kwenda mbele. Miaka michache baadaye kijana mmoja aitwaye Chandragupta Maurya aliunyakua utawala wa Magadha, akajenga dola iliyoshika karibu kaskazini yote ya Bara Hindi. Seleucus, mmoja wa majemadari waliorithi nchi za Alexander, alimwachia majimbo ya magharibi, akapokea ndovu wa vita 500. Mjumbe wake, Megasthenes, aliishi katika mji mkuu wa Pataliputra, ambao sasa ni Patna, akaandika habari za boma lake la miti lenye minara mingi na malango mengi. Wajaini husimulia kwamba Chandragupta mwisho aliacha ufalme, akawa mtawa wa dini yao, akafunga chakula mpaka kufa.

Asoka alikuwa mjukuu wake. Alitawala tangu mwaka 268 hivi mpaka 232 K.K. Katika mwaka wa nane baada ya kutawazwa alipiga vita nchi ya Kalinga, iliyoko kwenye pwani ya mashariki, akaishinda. Wafalme wengi wa kale waliamuru ushindi wao uandikwe katika mawe, na kila mmoja alijisifu. Asoka naye aliamuru uandikwe. Katika maandishi yake yumo mfalme anayesema kwamba watu 150,000 walichukuliwa mateka, 100,000 waliuawa, na wengi kuliko hao walikufa kwa sababu nyingine; na kwamba yeye mwenyewe anajuta. Anaongeza kuwa hata sehemu moja ya mia au ya elfu ya mateso hayo, kama yangetokea tena, yangemwumiza.

Ni vigumu kupata maandishi mengine ya namna hiyo kutoka kwa mshindi wa vita katika ulimwengu wote wa kale. Lakini haki yataka mambo mengine mawili yasemwe. La kwanza, Asoka hakuwarudishia watu wa Kalinga nchi yao, na katika maandishi hayohayo anawaonya watu wa misituni kwamba, pamoja na majuto yake, bado ana nguvu za kuwaadhibu. La pili, maandishi ya majuto yamepatikana katika sehemu nyingi za dola, ila hayakuchongwa Kalinga kwenyewe. Kule, katika miamba ya Dhauli na Jaugada, mahali pake pamewekwa amri nyingine ziwaagizazo maofisa watende haki, wasifunge watu bila sababu, na zitangazazo kuwa watu wote ni watoto wa mfalme. Huenda aliona haya kuwakumbusha walioshindwa. Huenda pia aliona si busara.

Baada ya vita hivyo aliishika dini ya Buddha kwa bidii. Amri zake zilichongwa katika miamba na katika nguzo za mawe yaliyosuguliwa yakang'aa kama kioo, kwa lugha zaidi ya moja. Kandahar, katika nchi ya Afghanistan, yamepatikana kwa Kigiriki na Kiaramu. Alitangaza kuwa ameweka matibabu ya watu na ya wanyama, ameagiza mizizi na miti ya dawa ipandwe mahali isipokuwapo, amechimba visima na kupanda miti ya kivuli na miembe kando ya barabara. Jikoni kwake, ambako zamani wanyama wengi sana walichinjwa kila siku, walibaki tausi wawili na paa mmoja, na huyo paa si kila siku. Akaahidi kwamba hata hao watatu wataachwa.

Katika mwaka wa 26 wa utawala wake alitoa amri juu ya wanyama wasiouawa, na ndani yake mmetajwa samaki. Katika siku maalumu za mwaka, hasa siku zilizozunguka mwezi mpevu wa majira makuu, ilikatazwa kuvua samaki na hata kuwauza. Kwa wavuvi wa omena jambo hili halitakuwa geni kabisa, ijapokuwa sababu ni nyingine. Mwezi ukiwa mpevu nuru ya taa haiwavuti omena vizuri, na mitumbwi mingi hupumzika. Na upande wa Kenya wa Ziwa kuna sheria ya kufunga uvuvi wa omena tangu Aprili mpaka mwisho wa Julai ili samaki wapate kuzaana. Sheria ya siku hizi huwalinda samaki wa mwaka ujao kwa ajili ya mvuvi. Asoka alitaka samaki apone kwa ajili ya samaki mwenyewe. Jinsi wavuvi wa Ganges walivyoipokea amri hiyo hakuna mwamba unaosema.

Amri yake iliyo bora pengine ni ile ihusuyo dini mbalimbali. Mfalme huyu wa Kibuddha aliwapa zawadi watu wa dini zote, na akaagiza kwamba mtu asiisifu dini yake kupita kiasi wala kuitukana ya mwenziwe bila sababu. Kwani amtukanaye mwenziwe ili aitukuze dini yake huiumiza dini yake mwenyewe kwa kitendo hicho. Ni vema, aliagiza, watu wasikilize mafundisho ya wenzao. Amri hii ingefaa kusomwa polepole katika kila mji mdogo wenye makanisa mengi na vipaza sauti vingi.

Mwana wa Asoka, Mahinda, aliipeleka dini hiyo Sri Lanka. Yasimuliwa kuwa binti yake, Sanghamitta, alifuata akichukua chipukizi la mti ule wa Bodh Gaya, likapandwa Anuradhapura. Mti huo ungali hai, na hutunzwa kwa uangalifu mkubwa.

Kisha Asoka alisahauliwa. Nguzo zake zilisimama, lakini maandishi yake, yaitwayo Brahmi, hakuna aliyeweza kuyasoma kwa muda wa karne nyingi, mpaka mwaka 1837, wakati Mwingereza James Prinsep alipoyafumbua huko Calcutta. Leo gurudumu lenye mataruma 24 katika bendera ya India ni gurudumu la Asoka, na simba waliochongwa juu ya nguzo yake ya Sarnath wamekuwa alama ya taifa hilo tangu tarehe 26 Januari 1950.

DOLA ZA BAADAYE

Dola ya Maurya ilivunjika yapata mwaka 185 K.K., wakati mfalme wake wa mwisho alipouawa na jemadari wake mwenyewe mbele ya jeshi. Miaka mia mbili na zaidi baadaye wafalme wa Kushan, waliotoka Asia ya Kati, walishika nchi za kaskazini magharibi. Mkuu wao, Kanishka, aliisaidia sana dini ya Kibuddha, na kwa njia za misafara ya biashara dini hiyo ikafika Uchina. Wakati huo ndipo mafundisho yalipoachana katika njia mbili kubwa: ile ya wazee, inayofuatwa Sri Lanka, Burma na Thailand, na ile iitwayo Mahayana, iliyoenea Uchina, Korea na Japani. Dhahabu ya Wakushan ilifika Afrika pia. Katika mlima wa monasteri ya Debre Damo, kaskazini mwa Ethiopia, zilipatikana sarafu zao za dhahabu zaidi ya 100. Meli za nyakati hizo zilikuwa zikivuka bahari kati ya India, Bahari ya Shamu na pwani ya Somalia, zikileta ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta na nguo za pamba. Mabaharia Wagiriki wameliandika hilo.

Dola ya Gupta, iliyotawala tangu mwaka 320 hivi baada ya Kristo mpaka katikati ya karne ya sita, huitwa na wengi wakati wa dhahabu wa Bara Hindi. Aryabhata aliandika kitabu chake cha hesabu na nyota mwaka 499. Namna ya kuandika hesabu kwa tarakimu, ambayo mahali pa tarakimu ndipo panapoonyesha thamani yake, pamoja na sifuri, ilikamilika huko Bara Hindi, ikachukuliwa na Waarabu, kisha ikafika Ulaya. Tarakimu zilizo katika mizani ya mnunuzi wa samaki na katika simu ya mkononi asili yake ni hiyo. Huko Nalanda kilisimama chuo kikubwa cha watawa, kilichowavuta wanafunzi hata kutoka Uchina.

Mtawa wa Kichina, Faxian, aliyezuru nchi hiyo mwanzoni mwa karne ya tano, aliwasifu watu wa Pataliputra kwa hospitali zao ambamo maskini walitibiwa bila malipo. Lakini aliandika jambo jingine. Watu walioitwa Chandala, waliohesabiwa najisi, walilazimika kuishi nje ya mji, na walipoingia sokoni walipiga kipande cha mti ili wengine wasikie na kujitenga nao. Miaka karibu elfu moja ilikuwa imepita tangu Upali kinyozi apokewe kabla ya wakuu.

Nguvu za dini ya Kibuddha zilikuwa katika monasteri kubwa, na monasteri ziliishi kwa zawadi za wafalme na wafanya biashara. Wafalme walipoanza kuwapendelea Wabrahmani, na Wahindu walipomhesabu Buddha kuwa mmoja wa sura za mungu wao Vishnu, mkulima hakuona tena sababu ya kujitenga. Mwisho wa karne ya 12 majeshi yaliyotoka magharibi yaliiangamiza Nalanda, na watawa waliosalia wakakimbilia Nepal na Tibet. Dini iliyokaa katika nyumba za watawa kuliko nyumba za watu ilipopoteza nyumba hizo, haikuwa na mahali pengi pa kujificha.

Ilirudi kwa njia ambayo wafalme wasingeitazamia. Bhimrao Ambedkar, aliyezaliwa mwaka 1891 katika ukoo wa watu walioitwa wasioguswa, alisoma hadi vyuo vikuu vya New York na London, akaiongoza kamati iliyoandika katiba ya India. Katiba hiyo ilipiga marufuku desturi ya kuwatenga watu kama najisi. Ambedkar aliona kwamba sheria pekee haitatosha. Tarehe 14 Oktoba 1956, katika mji wa Nagpur, aliingia katika dini ya Buddha, na watu wa tabaka lake, kwa maelfu mia kadhaa, wakaingia pamoja naye. Alikufa tarehe 6 Desemba mwaka huohuo.

WABUDDHA WA AFRIKA MASHARIKI

Wabuddha wa kwanza kujulikana sana katika nchi hizi walikuwa Wasinhala wa Sri Lanka, nchi iliyoitwa Ceylon wakati huo, waliokuja Dar es Salaam kufanya kazi mwanzoni mwa karne ya 20. Hekalu lao liko Upanga, nalo huhesabiwa kuwa miongoni mwa mahekalu ya kwanza ya dini hiyo katika bara la Afrika. Hawakuwa wengi, na kwa muda mrefu dini hiyo ilionekana kuwa mali ya wageni.

Hali imebadilika kidogo nchini Uganda. Mwaka 1990 kijana Mganda aitwaye Steven Kaboggoza, aliyelelewa katika Ukatoliki, alikwenda India kusomea mambo ya biashara, akakutana huko na watawa vijana kutoka Thailand. Baada ya miaka mingi ya kujifunza kutafakari alifanywa mtawa huko Marekani mwaka 2002, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Kibuddha nchini kwao. Kituo hicho kiko Garuga, karibu na Entebbe, kando ya Ziwa hilihili. Watawa wake, kama watawa wa njia ya wazee kila mahali, hula kabla ya adhuhuri tu, na hula walichopewa. Jina alilopewa mwanzilishi wake siku ya kuwa mtawa ni Buddharakkhita. Kwa Kipali, lugha ambamo mafundisho ya kale yamehifadhiwa, maana yake ni Aliyelindwa na Buddha.